Pengo Kwenye Sahani ya Joto

Edith Nebiker alikuwa na adabu zote isipokuwa moja: hakuweza kuona kitu kimefunikwa akakiacha. Ukimwalika chakula, huyo ameshainua kifuniko cha sufuria kabla hajavua koti. Barua za watu hakuzifungua, nisimsingizie, ila alizishika mbele ya taa. Aliwahi kuposwa na mtu wa reli, bwana mzuri tu mwenye masharubu, akamhoji maswali mpaka yule bwana akaomba uhamisho wa kwenda Chiasso, mpakani kabisa na Italia. Mtu wa namna hiyo hafai popote isipokuwa polisi au maabara, na polisi aliwaona wavivu.

Mimi nilikuwa muosha vyombo katika ghorofa aliyofanyia kazi, hapa Basel, miaka ya themanini ilipokuwa inaanza. Jina la maabara nitalikalia, maana wenyewe wengine wako hai na wana midomo. Chumba changu kilikuwa na masinki, mtungi mkubwa wa mvuke wa kuulia vijidudu, na dirisha linaloonyesha mto Rhine kwa mtu aliye tayari kuumia shingo. Kila chupa waliyoichafua wasomi ilipita mikononi mwangu. Na vitambaa vya mahameli pia vilipita mikononi mwangu, na hivyo ndivyo vilivyotugombanisha.

Edith alitoka vijijini juu, katika nyumba ya wafuma utepe wa hariri. Mtambo wa kufumia ulijaa sebule nzima na watoto wakalala darini. Mama yake alikuwa akisema kuwa uzi mmoja ukikatika, anayekula hasara ni nyumba nzima, kwa hiyo watoto walijifunza kutuliza mikono kabla ya kujifunza kusoma. Edith alijivunia mikono yake kama wengine wanavyojivunia watoto. Alipofikisha umri wa kazi akapelekwa kusomea kazi za maabara, na baada ya kuzunguka viwandani akaishia kwetu, kwenye hamira.

Hamira ile ile ya mkate. Usicheke, nami nilicheka siku ya kwanza, nikamwuliza kama wanalipwa kuoka. Akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza, na namshukuru, maana wasomi wenyewe hawakuwahi kunieleza kitu zaidi ya kwamba chupa zina madoa.

Ndani ya kila chembe ya hamira, na ndani ya chembe zangu na zako, kuna vyumba vidogo vidogo viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula kinamogeuzwa kuwa nguvu. Sasa ajabu ni hii: protini zinazofanya kazi humo, karibu zote hazitengenezwi humo. Hutengenezwa nje, kisha lazima ziingie. Nyingi huja na kipande mbele yake ambacho ni kibali cha kuingilia, na zikishapita mlangoni kibali hicho hukatwa. Lakini mlango wenyewe ni upi, umejengwa na nini, na ni jeni gani inayoujenga, hakuna aliyejua wakati huo. Profesa Oppliger alitaka kujua. Bwana Schaub, kijana aliyekuwa akitafuta shahada yake ya udaktari, alitaka kujua kwa sababu bila hivyo hapati udaktari. Edith alitaka kujua kwa sababu kitu kilikuwa kimefunikwa.

Njia yao ilikuwa ya mzunguko. Huwezi kuuona mlango, basi unatafuta hamira ambayo mlango wake umeharibika. Waliipa hamira sumu kidogo ya kuvuruga jeni ovyo ovyo, wakaimwaga kwenye sahani, wakaiacha ikue kwenye ubaridi mpaka kila chembe ikazaa ukoo wake na kuwa doa jeupe. Hiyo ndiyo sahani mama. Hapo ikaingia kazi ya Edith. Alitandika kitambaa cha mahameli juu ya kigogo, akaibonyeza sahani mama juu yake, manyoya ya kitambaa yakachukua kila doa. Kisha akabonyeza sahani mpya juu ya kitambaa hicho hicho, na madoa yakahamia kila moja mahali pake, kama muhuri. Sahani moja ilikuwa na sukari, nyingine gliserini, zote mbili zikaingia kabati la joto.

Kwa nini sukari na gliserini? Kwa sababu hamira ikipata sukari inaweza kusukuma maisha hata kama mitokondria zake zinaugua. Kwa gliserini haiwezi, lazima mitokondria zifanye kazi. Basi wakawa wanatafuta doa linaloota kwenye sukari na kukataa kwenye gliserini. Waliyapata mengi. Bwana Schaub aliyachunguza moja moja, na kila moja likawa na ugonjwa mwingine, si wa mlango. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, na wa pili.

Na doa lililokataa kotekote, kwenye sukari na kwenye gliserini? Hilo halikuwa doa. Hilo liliitwa pengo, na kila mtu ghorofani alijua maana yake: mpigaji muhuri amekosea, kitambaa hakikugusa. Sahani yenye pengo ilikuwa aibu ya aliyeibonyeza, na ilitupwa.

Sasa nisogee kwenye mkono wa Edith. Mimi niliuona kabla ya watu wote. Kwanza Edith aliacha kahawa ya saa tatu. Sisi hapa unaweza kukosa kanisa usiulizwe, lakini ukikosa kahawa ya saa tatu watu wanapiga simu nyumbani kwako. Alikuja, akakaa, akala mkate wake wa siagi, kikombe akakikataa, akasema tumbo. Halafu akaacha filimbi. Miaka yote alikuwa akipiga filimbi na kundi lake la mtaani kwenye kanivali, sherehe yetu ya barabarani ya kila mwaka, na mwaka ule alisimama kando ya barabara pamoja nasi watazamaji, akasema meno. Nilimchungulia meno yale alipokuwa akicheka, yalikuwa mazima kunishinda. Kisha siku moja alikuwa chumbani kwangu anarudisha mirija ya kioo kwenye kishikio chake, na ule mrija wa mwisho ukawa unagonga chuma, tik tik tik, hautaki kuingia. Alinitazama. Mimi nikatazama sinki.

Nilijua anachoogopa, maana si siri. Mkono ukijulikana kuwa unatetemeka, kazi ya benchi imekwisha. Umri wake ulishavuka hamsini. Wangempeleka ofisini kuagiza chupa, au wangemleta kwangu aoshe, na jibu la swali lake lingepatikana siku moja bila yeye, alisikie kwa watu kama habari za harusi asiyoalikwa. Kwa hiyo kila alipoona pengo alilificha. Sahani yenye pengo ilikuwa inaingia kwenye ndoo ya mvuke kabla hajaiona mtu, naye anabonyeza nyingine. Ndoo ile nilikuwa nikiifungua mimi. Niliziona sahani zile zikizidi kila juma, zimeshayeyuka kwa mvuke, nikasema moyoni, masikini Edith, mkono unazidi.

Siku moja Edith akaitwa kwenye simu katikati ya kazi. Profesa Oppliger ni mtu wa Bern, na watu wa Bern hawana haraka na kitu chochote, hata kufa. Alikuwa akipita polepole kama kawaida yake, akafungua kabati la joto, akatoa sahani ambayo Edith hajawahi kuificha. Akaja nayo kwenye kahawa ya saa tatu, akaiweka mezani kati ya mikate.

"Bi Nebiker," akasema. "Hapa pana pengo."

"Naliona, Profesa."

"Na hapa. Na hapa pia." Akanywa kahawa. "Pengine mkono umechoka. Si vibaya. Tungeweza kumpa Bwana Schaub kazi ya kubonyeza, wewe ukapumzika ofisini."

Edith akawa mweupe kama karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, namwonea huruma kwa moyo wote. Ndipo aliposema:

"Labda ni sabuni, Profesa. Vitambaa siku hizi vinanuka sabuni. Sabuni inaua hamira."

Ile huruma yangu iliondoka mlangoni bila kuaga. Miaka yote ile nasuuza mahameli kwa maji ya moto, maji ya baridi, maji yaliyosafishwa, nayachemsha, nayaanika, nayapiga mvuke, halafu sabuni. Niliweka sinia nikaenda chumbani kwangu. Alinifuata.

"Usikasirike," akasema.

"Nani kakasirika? Mimi ni mtu wa sabuni, najua nini?"

"Ilinitoka tu."

"Ilikutoka ikaniangukia mimi. Edith, miaka minane tuliitana Bi Nebiker na Bi Spinnler, mwaka wa tisa wewe ndiye uliyeniambia tuitane majina ya kwanza kama marafiki, tukagonga glasi. Ndiyo sababu yake hii? Ili ujue pa kunichomea?"

"Nilikuwa sina lingine la kusema."

"Lipo. Unalijua, na mimi nalijua, na sijalisema kwa mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa jambo lile. Lakini mimi hasira ilikuwa imeshanipanda kichwani, na hasira hasara. Nilichukua vitambaa vipya visivyowahi kuona sabuni, nikavisuuza mbele ya kila aliyekuwa ghorofani, nikavipiga mvuke, nikampelekea Bwana Schaub. Nikamwambia: "Chukua sahani mama ile ile. Bonyeza wewe kwa mkono wako. Pengo likiondoka, mimi naacha kazi siku hiyo hiyo."

Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo akili iliponirudia. Pengo likiondoka, sawa, ni sabuni yangu, au ni mkono wa Edith. Na sabuni haikuwapo. Nilikuwa nimemchimbia shimo mwenyewe, kwa majivuno ya sinki.

Nikageuka kutaka kuzuia. Bwana Schaub alikuwa ameshatandika kitambaa. Alikuwa kijana mwangalifu kupita kiasi, wa kufunga kamba za viatu mara mbili. Alibonyeza sahani ya sukari ya kabati la joto, kisha kwa kitambaa hicho hicho akabonyeza nyingine ya sukari akaiacha nje kwenye ubaridi, jambo ambalo kwa kubana matumizi tulikuwa hatulifanyi. Sahani mama yenyewe ni ya ubaridi, walisema, ya nini kuirudia.

Siku zile za kungoja hamira iote sikusema na Edith, wala yeye hakusema nami. Alikuja akachukua chupa, akaondoka. Nilitaka kumwambia kwamba nimejuta, nikashindwa kwa sababu nilikuwa bado namdai samahani ya sabuni. Ndivyo tulivyo watu wazima wawili.

Asubuhi ya matokeo Bwana Schaub alituita. Sahani mbili zilikuwa mezani. Ya joto ilikuwa na pengo, palepale. Ya ubaridi, mahali pale pale, kulikuwa na doa jeupe, nene, lenye afya.

"Kitambaa kiligusa," akasema Bwana Schaub, taratibu, kama mtu anayevuka barafu. "Kingekuwa hakikugusa, hili la ubaridi lisingekuwepo. Nimebonyeza mimi, kitambaa kipya. Si sabuni. Si mkono."

"Ni nini basi?" akauliza Edith. Alikuwa ameinama juu ya sahani, pua karibu iguse.

"Imekufa. Ilifika hai kwenye sahani ya joto, ikafa."

"Kwenye sukari?"

"Kwenye sukari."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa sijaelewa, ila niliona usoni mwa Edith kitu kikifunguka.

"Ngoja," akasema. "Mlango ukiharibika nusu, hamira itaugua. Lakini mlango ukifungwa kabisa? Kisiingie chochote?"

"Mitokondria zina kazi nyingine zaidi ya kutoa nguvu," akasema Bwana Schaub. "Kazi ambazo chembe haiwezi kuishi bila hizo. Sukari haitaisaidia. Itakufa kwenye sukari, itakufa kwenye gliserini, itakufa kwenye chochote." Akakaa chini. "Tumekuwa tukitafuta kwa wagonjwa. Tuliokuwa tukiwataka ni wale waliokufa. Na wale ambao mlango wao hufunguka kwenye ubaridi ukagoma kwenye joto, hao ndio pekee tunaoweza kuwashika wakiwa hai."

"Na waliokufa," akasema Edith, "tuliwaita mapengo."

"Tukawatupa, ndiyo. Sote."

"Si sote. Wewe umetupa sahani chache. Mimi nimetupa nyingi kuliko mnavyojua. Sikuwa nawaonyesha."

Profesa Oppliger alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. "Kwa nini hukutuonyesha?" akauliza.

"Niliona aibu, Profesa. Nilidhani nabonyeza vibaya."

Ulikuwa ukweli, ila nusu yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilimtazama nikaona hata yeye anausikia usemi huo ukimzunguka kichwani. Profesa akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na nusu ile nyingine ikabaki imefunikwa.

Miezi iliyofuata sijapata kumwona Edith na furaha ya namna ile. Mapengo sasa yalikuwa mali. Alikuwa akiyazungushia wino mwekundu, anayaonyesha watu kama mtu anavyoonyesha picha za wajukuu. Bwana Schaub akachukua kila hamira inayokufa kwenye joto, akaitazama inakufa kwa sababu gani. Nyingi zilikufa kwa sababu zao wenyewe, zisizohusiana na mlango hata kidogo. Alizilisha chakula chenye salfa inayotoa mnururisho ili protini mpya ziache alama kwenye filamu, kama ile ya picha za mifupa. Protini iliyoingia imekatwa kibali, ni fupi na hukimbia zaidi zikitenganishwa, alama yake hushuka chini. Isiyoingia ni ndefu kidogo, alama hubaki juu.

Ikawa siku moja Edith ameingia chumbani kwangu na filamu mbichi, inachuruzika.

"Usinimwagie, nimepiga deki," nikasema.

"Deki itasubiri. Tazama."

"Naona mistari miwili."

"Huu wa chini ni wa hamira nzima. Na huu?"

"Uko juu kidogo."

"Uko juu kwa nini?"

"Edith, mimi niliajiriwa kwa ajili ya chupa."

"Hebu fikiri. Kibali."

Nikafikiri. "Hakijakatwa."

"Kwa hiyo?"

"Haijaingia."

"Haijaingia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Imesimama nje na koti lake, inangoja kufunguliwa." Alikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, akaitazama filamu mpaka ikakauka mikononi mwake. Mikono ilikuwa ikitetemeka na hakuificha, nami sikujua kama ni maradhi au ni furaha.

Kisha likaja lile ambalo hatukulifikiria. Walitaka kujua kama kosa ni la jeni moja au jeni nyingi zimeharibika pamoja. Kwa hamira unajua hivi: unaiozesha ile mbovu kwa nzima, na watoto wao wanazaliwa wanne wanne, mbegu nne katika kifuko kimoja. Unakipasua kifuko, unazitenga mbegu kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, chini ya hadubini, kila moja peke yake. Halafu unaziweka kwenye joto. Wakiishi wawili na kufa wawili, kifuko baada ya kifuko, basi ni jeni moja. Kazi ya sindano ile ilikuwa heshima ya ghorofa. Mwanamke aliyeifanya zamani alikuwa amehama, na Edith aliitamani tangu siku ya kwanza alipoajiriwa. Nami namjua, hakutamani heshima. Alitamani kuwa wa kwanza kufungua kifuko.

Profesa akatangaza kwenye kahawa ya saa tatu. "Mkono tulioushuku bure," akasema, "ndio mkono bora wa nyumba hii. Sindano ni ya Bi Nebiker." Watu wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndivyo tunavyopongeza. Edith akasema asante, akainuka, akaja kwangu akafunga mlango.

"Nitafanyaje?" akauliza.

"Utasema."

"Nikisema wataniondoa. Nitakuja kuosha hapa na wewe."

"Na kuosha kuna nini?"

Akacheka kidogo. "Hakuna kitu. Ila hapa chupa zinakuja zikiwa tupu."

Sikuweza kumkasirikia, maana alisema kweli. Zilikuja tupu siku zote.

"Edith," nikamwambia, "pengo ulilificha ukaficha na jibu. Sasa unataka kuficha na hili?"

Kesho yake alikaa kwenye hadubini. Bwana Schaub alikuwa kando yake, nami nilijifanya nakusanya vyombo nisiondoke. Alishika kirungu kinachoendesha sindano. Nilimwona anatoa pumzi, anatuliza mabega, anangoja. Kisha Bwana Schaub, aliyekuwa akiitazama sindano yenyewe kwa pembeni, akakunja uso. Ncha ilikuwa inacheza juu ya chakula kilichogandishwa cha hamira kama mdudu kwenye dirisha. Ikachimba, ikakatika.

Edith akaondoa mkono. "Bwana Schaub, tafadhali niitie Profesa."

Alipofika, Edith alisimama, akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole vimefunguka. Ulitetemeka, sote tukauona.

"Hivi ndivyo ulivyo," akasema. "Tangu kabla ya kanivali ya mwaka juzi. Sahani nilizotupa sikutupa kwa aibu tu. Niliogopa mngejua."

Profesa aliutazama ule mkono kwa muda mrefu sana, na nikadhani sasa ndiyo mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu: "Na kwenye mahameli unafanyaje?"

Akamwonyesha. Viwiko mezani, pumzi yote imetoka, anabonyeza kwa uzito wa mwili, viganja vimelala. "Hapo haufanyi kazi mkono, Profesa, unafanya mgongo. Bwana Schaub amerudia muhuri wangu, na pengo lilikuwa palepale nilipoliacha."

"Ungeniambia mwaka juzi."

"Ungeniacha kwenye benchi?"

Hapo ndipo nilipompenda yule mtu wa Bern kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakusema uongo. Alifikiri, akasema: "Hapana. Mwaka juzi nisingekuacha."

"Na leo?"

"Leo nimeziona sahani." Akaiokota sindano iliyokatika akaiweka kando. "Sindano achukue Bwana Schaub. Mahameli ni yako mpaka utakapoyaacha mwenyewe."

Bwana Schaub alizitenga mbegu, akaharibu nyingi mwanzoni, maana naye mkono wake haukuwa wa nyumba ya hariri. Zilipoota ilikuwa wawili hai, wawili wafu, mstari baada ya mstari. Jeni moja. Bwana Schaub akapata udaktari, tukampikia supu ya unga na, kama ilivyo desturi ya hapa, kumtengenezea kofia ya kadibodi, yake yenye mlango usiofunguka. Siku hiyo hiyo Edith alimvuta pembeni akamwuliza: zile nilizotupa, kulikuwamo nyingine za mlango? Bwana Schaub akamjibu kwamba hatutajua, akidhani ni jibu la kumfariji.

Sasa Edith amestaafu, anaishi ng'ambo ya mto, nami huenda kwake Jumapili na keki ya vitunguu. Mkono umemshinda kabisa. Namkatia chakula, ananilaumu kwamba nakata vipande vya farasi, na mkono wenyewe hauonei haya tena, huulaza mezani mbele ya wageni. Jumapili iliyopita aliniuliza ghafla:

"Wewe ndiye uliyekuwa ukifungua ile ndoo. Zilikuwa nyingi?"

"Zilikuwa uji, Edith. Mvuke ulishazipika."

"Milango mingine ilikuja kugunduliwa na watu wengine. Wa nje, wa ndani, mpaka walinzi wake. Huenda mmoja ulikuwa kwangu kwanza."

"Huenda haukuwepo," nikasema. Nilitaka atulie ale.

Akaweka uma chini, ukagongagonga sahani mpaka nikaushika. "Usinibembeleze," akasema. "Kama nilitupa, nilitupa, hilo nimelizoea. Nataka kujua nilitupa nini."

Nikamwambia sijui. Akasema anajua kwamba sijui, na kwamba hakuna mtu yeyote duniani anayejua. Kisha akalia, na miaka yote ile ya mkono sikuwahi kumwona analia.